“Mola, mimi nimekufanya nini?”: jibu kwa mama wa Wete

Barua hii nimeifupisha, na nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha mwenyewe:

“Assalamu alaykum sheikh. Naandika kutoka upande wa Wete, Pemba. Mume wangu alikuwa mvuvi. Mwaka juzi alikwenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, chombo kikapinduka, wakamuopoa na kumzika huko huko. Mimi nililetewa habari kwa simu, uso wake sikuuona. Sikukaa sana baada ya kutoka eda, mwanangu wa miaka tisa akaanza kuanguka kifafa. Msimu huu wa karafuu tulikuwa jamvini tunachambua, mimi na majirani, akaanguka pale pale juu ya karafuu. Wote waliinuka. Mmoja alimvuta mwanawe kwa mkono kama anayemtoa kwenye moto. Nina mashoga watatu, tumekua pamoja tangu chuo cha Qur’ani. Wa kwanza ananambia Mungu hamuonei mtu, nitazame nilichokifanya, na ananisomea ile aya ya misiba na mikono yetu. Wa pili anasema ni mambo ya kwao mume, kuna kitu hakikutolewa, twende kwa mganga. Wa tatu anasema mwenye imani ya kweli halii mpaka mwaka wa pili. Sheikh, naswali lakini moyo mkavu. Usiku mmoja nilisema: ‘Mola, mimi nimekufanya nini?’ Tangu siku hiyo naogopa kuwa nimekufuru. Na yule shoga wa kwanza anamuoza binti yake mfungo sita, kaniletea mwaliko. Niende au nisiende? Siku ile jamvini aliyebaki ni bibi mmoja jirani, akaokota karafuu zilizomwagika, hakusema kitu.”

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Pole. Nakupa pole ya mume, na pole ya kutomuona uso, kwa sababu hiyo ni huzuni ya peke yake ndani ya huzuni. Aliyemfumba macho maiti wake na aliyeletewa habari kwa simu hawalii kilio kimoja. Pole ya mtoto. Na pole ya maneno. Nimeisoma barua yako mara tatu, nikaona kifo cha mumeo umekitaja kwa maneno machache, na maneno ya mashoga zako yamechukua sehemu kubwa. Nimefahamu panapouma.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Hukukufuru. Kukufuru ni kumkana Mola au kumpa mgongo, na wewe ulimwita. Mtu anayeuliza usiku wa manane, peke yake, mlango umefungwa, anajua kuna anayemsikia. Wangapi huzuni iliwafika wakaacha hata kuuliza? Wewe uliuliza, kisha asubuhi ukatia udhu ukaswali, na moyo huo huo mkavu.

Watu wetu wamefundishwa kwamba subira ni kunyamaza. Asili ya neno lenyewe kwa Kiarabu ni kuzuia, kufunga. Maulamaa wamesema subira ni kuuzuia moyo usikate tamaa, kuuzuia ulimi usimshtakie Mwenyezi Mungu kwa viumbe, na kuvizuia viungo visijipige mashavu na kuchana nguo. Tazama vizuri hapo kwenye ulimi: kilichozuiwa ni kumshtaki Mungu kwa watu. Kupeleka shida yako Kwake mwenyewe hakukuzuiwa na mtu yeyote. Nabii Yaakub alipompoteza Yusuf alilia mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni. Imo katika Suratu Yusuf, aya ya 84. Na waliomsema walikuwa wanawe wa kuzaa, waliomwambia hutaacha kumkumbuka Yusuf mpaka uharibike au ufe. Akawajibu: mimi namshtakia Mwenyezi Mungu sikitiko langu na huzuni yangu. Huyo ni Nabii, amelia miaka, kasemwa na watu wa nyumbani mwake, na hakuna aya hata moja iliyomlaumu kwa machozi yake. Shoga yako wa tatu mwambie aisome sura hiyo pole pole.

Mtume wetu (S.A.W.) naye alimpakata mwanawe Ibrahim akikata roho, macho yakamtoka machozi. Abdurrahman bin Auf akashangaa: hata wewe, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu? Akamwambia hii ni rehema. Kisha akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Hakuweka miezi. Eda ina hesabu yake, miezi minne na siku kumi, na hiyo ni hukumu ya kuolewa na kujipamba. Huzuni ya moyo haikupangiwa siku.

Hata hivyo sitakuficha: neno “nimekufanya nini” lina makali. Limekutoka mara moja kwa uchungu, na Mola anamjua aliyelisema na hali aliyokuwa nayo. Usilifanye wimbo wa kila usiku, maana ulimi ukilizoea neno, moyo nao hulifuata. Nitakupa jengine, la mtu aliyekutangulia katika njia hii. Nabii Ayub, katika Suratul Anbiyaa aya ya 83, aliomba: annii massaniyadh-dhurru wa anta arhamur-raahimiin. Maana yake, mimi yamenigusa madhara, na Wewe ni mwenye kurehemu kuliko wote wanaorehemu. Ameitaja hali yake, akamtaja Mola wake, akanyamaza. Ukiwa huna nguvu ya kuomba jambo lolote, hilo linatosha; linaombeka hata umejilaza na mtoto kifuani.

Kuna kitu chengine katika kisa cha Ayub ambacho hakisomwi sana kwenye mawaidha yetu. Katika Suratu Saad, aya ya 44, Mwenyezi Mungu anamwamrisha ashike kicha cha vijiti mkononi, apige nacho, wala asivunje kiapo. Wafasiri wengi wamesema kwamba alipokuwa katika maradhi yake alikasirika, akaapa akipona atampiga mkewe fimbo mia. Mke huyo ndiye aliyebaki kumuuguza. Afya iliporudi, Mola akamtafutia njia nyepesi: kicha cha vijiti vilivyokusanywa pamoja, pigo moja, mke asiumie na kiapo kitimie. Na mwisho wa aya hiyo hiyo akasifiwa: tulimkuta mwenye kusubiri, mja mwema. Neno zito alilolisema mgonjwa katika dhiki, Mola hakulifanya sababu ya kumfuta katika orodha ya wenye kusubiri. Kwa hivyo na lako la usiku ule, toa istighfari, kisha liache liende zake.

Sasa shoga yako wa kwanza, na hapa nitakaa sana.

Aya anayokusomea ni ya kweli. Ni ya 30 katika Suratush-Shuuraa: misiba inayokupateni ni kwa sababu ya iliyoyachuma mikono yenu, Naye anasamehe mengi. Lakini aya hiyo ni kioo cha kujitazamia mwenyewe. Mtu akipatwa na jambo akakaa akajihesabu, akatubu, hiyo ni ibada. Ukimshikia mwenzio kioo hicho usoni, umeshadai kuijua siri baina yake na Mola wake, na elimu hiyo hukupewa. Halafu ana kawaida ya kuikata, na wengi tuna kawaida hiyo: kipande cha mwisho, “Naye anasamehe mengi”, hakifiki. Tena Qur’ani hiyo hiyo, katika Suratul Baqara kuanzia aya ya 155, inasema tutakujaribuni kwa kitu katika khofu na njaa, na upungufu wa mali na nafsi na matunda, na wabashirie wanaosubiri. Hapo hakuna dhambi iliyotajwa. Upungufu wa nafsi ni mumeo. Walioambiwa habari njema ni watu mfano wako.

Nasema haya kwa ukali kwa sababu na mimi nimewahi kuifanya kazi ya shoga yako. Nilikuwa mwalimu kijana, nimerudi masomoni na vitabu vimenijaa kichwani. Nikaitwa kutoa mawaidha kwenye matanga ya mtoto wa mtu, kijana aliyefia baharini. Nikazungumza juu ya madhambi na namna yanavyoleta misiba, nikaisoma aya hiyo hiyo, nikaona nimezungumza vizuri. Katikati ya maneno yangu baba wa maiti aliinuka, akachukua kandili iliyokuwa karibu yake, akatoka kwa mlango wa uani. Nikadhani anakwenda kujisaidia. Hakurudi, na darsani kwangu hakufika tena. Ulipita karibu mwaka ndipo nikapata ujasiri wa kumfuata shambani kumuomba radhi. Alikuwa anaparia muhogo. Hakuniacha hata nimalize. Akaegemea jembe akasema: “Ustadh, usiku ule mimi nilikuwa nataka mtu anambie mwanangu yuko wapi.”

Na jibu lake nilikuwa nalo, nililisoma, nikalipita. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amewahesabu mashahidi watano, na mmoja wao ni aliyezama. Nakupa wewe leo kile nilichomnyima yule mzee siku ile: mumeo alikwenda kutafuta riziki ya halali, maji yakamchukua, na tunamtarajia kwa Mola wake cheo cha shahidi. Kinachoitwa adhabu na shoga yako, Mtume amekiita jina jengine.

Sisi watu wa visiwa hivi hatukuhitaji kufundishwa hili kwa kitabu tu. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, siku chache baada ya Idi, MV Spice Islander ilizama upande wa Nungwi ikitoka Unguja kuja Pemba. Wamo wanafunzi, wamo wazee, wamo wachanga migongoni mwa mama zao, mamia ya watu. Maiti walilazwa uwanja wa Maisara, na jamaa wakipita safu kwa safu wakifunua shuka kutafuta wao. Nani angesimama pale aseme hawa wamelipwa walichokifanya? Meli ilikuwa imepakiwa kupita kiasi. Na hilo nalo lina uzito wake: ukisema “ni dhambi zao” umemsafishia njia aliyejaza watu kupita uwezo wa chombo. Hukumu ya namna hiyo humuonea marehemu, ikamfichia mkosa.

Kuhusu Ayub kuna riwaya nyengine, ameipokea Ibn Hibban kutoka kwa Anas. Ibn Kathir aliona kuinasibisha na Mtume mwenyewe kuna ugeni, yaani kuna shaka, kwa hivyo naitaja kwa ajili ya mazingatio. Inasema alikaa katika balaa miaka 18, wakamtupa wa karibu na wa mbali isipokuwa watu wawili waliokuwa wakimjia asubuhi na jioni. Siku moja mmoja akamwambia mwenzake: wallahi Ayub ametenda dhambi ambayo hajaitenda mtu yeyote duniani, miaka 18 Mungu hajamrehemu. Yule mwengine hakuweza kukaa nalo, walipofika kwa Ayub akalitoa. Ayub akajibu kwamba hajui wanachokisema. Ila Mungu anajua kuwa alikuwa akiwapita watu wawili wanagombana na kulitaja jina la Mwenyezi Mungu, akirudi nyumbani akiwatolea kafara, kwa kuchukia jina hilo kutajwa isipokuwa kwa haki. Zingatia, hawa walikuwa rafiki wa kweli. Wamekuja kila siku kwa miaka 18 walipokimbia wengine, na bado likawatoka lile neno.

Wenzetu Wakristo nao wanamsoma Ayubu, na katika kitabu chao rafiki ni watatu, kama mashoga zako. Walipomfikia walikaa naye chini siku saba mchana na usiku, hakuna aliyesema neno kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa. Walipofungua midomo ndipo walipokosea, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia kwa waliyoyasema. Siku saba zile za kunyamaza zilikuwa kazi yao bora. Nilipofika mahali hapo nilimkumbuka bibi yako jirani na karafuu zake.

(Na zile simulizi tulizosimuliwa utotoni, kwamba Ayub alioza akatoka funza akatupwa jalalani, maulamaa wengi wamezikataa, haziko katika Qur’ani. Ziache, zinawafanya wagonjwa wajione najisi. Lipo kaburi linalonasibishwa na Nabii Ayub milimani karibu na Salalah, Oman, na Wazanzibari wengi wenye jamaa huko wamelizuru. Ni mahali pa kijani, penye upepo mzuri.)

Kwa nini rafiki husema hivyo? Naona sababu kubwa ni khofu. Ikiwa balaa lako lina sababu ndani yako, basi yeye ambaye hakufanya ulichokifanya yuko salama: mume wake atarudi dago, mwanawe hataanguka. Yule aliyemvuta mtoto wake jamvini kwa mkono, na yule anayekuvutia aya, wanafanya jambo moja. Nakueleza hivi upate kuwahurumia kidogo, maana wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ila kumhurumia mtu hakuligeuzi neno lake likawa haki.

Na sasa mtoto. Mwanangu, naomba usome hapa kwa utulivu, kwa sababu barua yako ingekuja na ugonjwa mwengine nisingekuwa na habari njema kama hii. Sahaba Ibn Abbas alimwambia mwanafunzi wake Ataa: nikuoneshe mwanamke katika watu wa Peponi? Akamuonesha mwanamke mmoja mweusi. Mwanamke huyo alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akasema: mimi naanguka kifafa, na ninapoanguka nafunuka, niombee. Mtume akamwambia ukitaka subiri nawe upate Pepo, na ukitaka nitamuomba Mungu akuponye. Akasema nitasubiri, lakini nafunuka, niombee nisifunuke. Akamuombea. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Kifafa alikubali kukaa nacho. Kilichomshinda ni macho ya watu: kuanguka njiani, nguo zimepanda, watu wamesimama wanatazama. Na Mtume hakumwambia hilo dogo, sahau. Aliliombea. Kwa hivyo usijione dhaifu wa imani kwa kuwa siku ile ya jamvini kinachokurudia kichwani ni majirani walivyoinuka. Mbora wako ameumia hapo hapo. Na mwenye kifafa alioneshwa watu kama mfano wa mtu wa Peponi naye akali hai. Aliyekwambia mtoto wako ni alama ya ghadhabu hana dalili. Hii ndiyo dalili, na iko upande wako.

Kusubiri huko hakukufungii mlango wa dawa, khasa kwa mtoto ambaye wewe ndiye mwenye amana yake. Mtume amesema jitibuni, Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa. Kifafa ni maradhi ya ubongo: umeme mdogo unaofanya kazi ndani ya ubongo unachafuka kwa muda, mwili ukatikisika. Povu lake haliambukizi, mwambie kila mtu. Shirika la Afya Duniani linasema wenye kifafa hadi asilimia 70 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayowafaa na kuitumia sawasawa. Mpeleke hospitali, andika kila siku aliyoanguka na ilichukua dakika ngapi, umuoneshe daktari. Dawa ya kwanza isipomfaa, ipo ya pili. Usiikatize kwa kuwa amekaa mwezi mzima hajaanguka, wala kwa kuwa umeanza kumsomea. Akianguka mlaze ubavu, weka kitambaa laini chini ya kichwa, ondoa vigumu vilivyo karibu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na tazama saa. Ikipita dakika tano mkimbize hospitali. Na mpaka daktari aseme vyengine, asipande mkarafuu na asioge baharini peke yake.

Shoga wa pili sitamrefushia. Mganga anayekwambia analijua lililofichika, anataka kuku wa rangi fulani na kutaja majina usiyoyafahamu, usimwendee. Mtume amesema anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku arubaini. Msomee mwanao mwenyewe, Alhamdu, Ayatul Kursiyyu, Ikhlas na Sura mbili za kujikinga, mkono wako juu ya kichwa chake. Hakuna mdomo ulio karibu naye kuliko wako. Ila neno la “kuna kitu hakikutolewa” lina upande wake wa sheria. Waulize wenzake wa dago: je, alikuwa na deni, la nyavu, la mafuta ya mashine, la duka? Aliweka nadhiri kwa Mwenyezi Mungu? Hivyo ndivyo vinavyotolewa kwa ajili ya maiti, na vinamfikia.

Moyo mkavu. Umeandika “naswali lakini”, nami naomba uifute “lakini”. Imani si ule ubaridi tunaousikia kifuani usiku wa ishirini na saba wa Ramadhani. Upo ubaridi huo na ni neema, ukija ushukuru. Ukiondoka, kinachobaki ni mtu kuinuka akatia udhu. Amali anazozipenda zaidi Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumu hata zikiwa chache. Kwa sasa shika faradhi tano, na hizo suna ulizokuwa ukiswali mumeo akiwa hai usijihukumu kwazo. Mtoto akianguka nawe uko ndani ya swala, ikate umwendee, bila wasiwasi wowote. Wanazuoni wamesema swala hukatwa kumuokoa mwenye kuangamia, na huko kumwendea ni utiifu. Na siku utakayompeleka mtoto hospitali, mwambie daktari na habari zako: usingizi, chakula, hayo machozi. Sonona nayo ni maradhi, ina matibabu, na mwenye nayo hana upungufu wa dini.

Nimeacha kisa cha Bi Aisha (R.A.), mke wa Mtume, mpaka hapa kwa sababu ya harusi. Alipozuliwa ule uongo wa zinaa, aliumwa mwezi mzima hajui watu wanasema nini. Alipojua alilia usiku mbili na mchana mmoja mpaka akadhani maini yatapasuka. Wazazi wake wamekaa naye, hawana la kusema. Akabisha hodi mwanamke mmoja wa Kiansari, akaruhusiwa, akaingia, akakaa akalia pamoja naye. Basi. Riwaya haikutaja jina lake wala neno lolote alilolisema, na Bi Aisha hakumsahau maisha yake yote mpaka akatusimulia. Baadaye, alipotakiwa aseme, alitaka kutaja maneno ya Nabii Yaakub, jina likampotea kwa uchungu, akasema: nasema kama alivyosema baba yake Yusuf. Mama wa Waumini, na huzuni imemsahaulisha jina la Nabii. Wewe unaona ajabu moyo wako kukauka?

Katika waliolisambaza neno lile alikuwemo Mistah, jamaa wa Abubakar baba yake Bi Aisha, maskini, mmoja wa waliopigana vita vya Badri, aliyekuwa akilishwa na Abubakar huyo huyo. Aya za kumsafisha Bi Aisha ziliposhuka, Abubakar akaapa hatampa tena kitu. Ikashuka aya ya 22 ya Suratun-Nuur: wasamehe na waachilie mbali, je, hampendi Mwenyezi Mungu akusameheni? Akasema napenda, akamrudishia matumizi yake. Lakini soma na aya ya 12, iliyotangulia, inayowaambia Waumini kwa nini mliposikia hamkudhaniana kheri. Kosa lilitajwa kwanza, wazi wazi, ndipo msamaha ukaombwa. Na Abubakar alimrudishia Mistah chakula. Hakuna mahali tulipoambiwa alimrudishia na siri zake.

Kwa hivyo shoga yako usimkate, na siri zako za usiku usimpelekee tena. Ukiweza, kabla ya harusi kaa naye mara moja, wawili tu, umwambie: “Aya uliyonisomea ina kipande cha mwisho, hukukisoma, na mimi nimeumia.” Usiongeze. Akiomba radhi mpe, asipoomba umeshatua ulichokuwa umekibeba. Yule bibi jirani yeye mfuate leo, usingoje. Mfundishe namna ya kumlaza mtoto ubavu na kutazama saa. Mtu aliyebaki siku ile kuokota karafuu atajifunza haraka.

Na harusini nenda. Mwaliko una haki yake, na ukiamka siku hiyo huwezi, una udhuru na hakuna wa kukulaumu. Ukiweza, nendeni watatu, wewe na mwanao na bibi, mpe dawa yake kwa wakati kabla hamjatoka, kaeni karibu na mlango penye hewa, muda unaokutosha. Akianguka pale, mlazeni ubavu hapo hapo, mfunike kwa kanga yako asitazamwe, na usimuombe mtu yeyote radhi.